Kuchagua Tela la Kubebea Mitambo Mizito Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili

Mtu anayetafuta tela la kubebea buldoza, eskaveta au greda kwa kawaida huanza na swali moja: tela linabeba tani ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, lakini katika mikoa ya Mtwara na Lindi halifai kuwa la kwanza. Tela la tani 60 lililokalia tumbo kwenye ukingo wa korongo, katikati ya barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale, ni hasara kwa mwenye tela, kwa mwenye mtambo na kwa kila anayesubiri kupita. Swali la kwanza ni mahali mtambo utakaposhukia, na njia itakayoufikisha hapo. Uzito, aina ya tela, urefu wa rampu na nguvu ya kichwa cha kuvuta hufuata baadaye, na mara nyingi majibu yake yanakuwa yameshapatikana barabarani kabla mtu hajafungua kitabu cha mtambo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkandarasi, mwenye shamba la korosho anayekodi buldoza la kusafisha pori, msimamizi wa mgodi, na yeyote anayekodi au kununua tela kwa kazi za kusini. Hatua zimepangwa kwa mfuatano ambao mimi naona unaokoa fedha, hata kama si mfuatano ambao wauzaji wa matela huupenda.

Hatua ya kwanza: anza mwisho wa safari

Kusini hakuna aina moja ya barabara. Barabara kuu ya lami kutoka Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara, na ile inayotoka Mnazi Mmoja mkoani Lindi kupitia Mtama na Ndanda hadi Masasi na kuendelea Tunduru na Songea, hazimsumbui sana dereva wa tela la chini, yaani lile lenye sakafu iliyoshushwa karibu na ardhi (lowbed). Taabu huanza gari linapoacha lami. Upande wa Msimbati ni mchanga mlaini wa pwani, ambao hubeba gari dogo vizuri lakini hufunguka chini ya ekseli iliyoelemewa. Katika mabonde ya Kilwa na Liwale upo udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu na wenye nyufa, na baada ya mvua moja huwa utelezi unaonata hadi kujaza nafasi kati ya tairi pacha. Uwanda wa Makonde una mchanga mwekundu na miteremko. Uwanda huo hupanda taratibu kutokea Mtwara hadi Newala, penye zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kisha hukatika kwa genge, yaani ukingo mkali, upande wa Masasi. Kwa hiyo mtambo unaokwenda Newala unaweza kuwa na njia fupi zaidi kutokea Masasi na bado ikawa busara kuuzungushia Mtwara, kwa kuwa hata barabara ikiwekwa lami, mteremko hubaki ule ule.

Kipande cha mwisho, hasa kilomita chache za kuingia shambani au machimboni, kinapaswa kukaguliwa na mtu kwa miguu au kwa pikipiki, akiwa na futi ya kupimia na fimbo ndefu iliyowekwa alama. Apime upana wa njia mahali pembamba zaidi. Apime kimo cha waya wa umeme ulio chini kuliko wote unaovuka barabara, bila kuugusa, kwa kusimama pembeni na kulinganisha fimbo. Aangalie kila kalvati na kila daraja la magogo, na aangalie pia matuta na mabonde mafupi: tela refu lenye tumbo la chini hupita juu ya shimo pana bila shida, lakini hukwama juu ya kilima kifupi chenye mgongo mkali, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma huwa pande mbili za mgongo na tumbo likabaki juu yake.

Swali la kumuuliza mwenyeji lisiwe "gari linafika?", kwa maana jibu litakuwa ndiyo, na gari lenyewe ni bodaboda au Canter ya kubebea korosho. Baada ya salamu mwenyeji huyo aulizwe hivi: "Semi la kichwa na tela liliwahi kufika hapa, na liligeuzia wapi?" Akionyesha mahali pa kugeuzia, papimwe. Asipokuwa na mahali pa kuonyesha, mpango wa kushusha mtambo ufanyike kwingine.

Msimu nao uingie katika hesabu. Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu eneo la Somanga wilayani Kilwa, na magari yaliyokuwa pande zote mbili yakasimama. Mwenye mkataba wenye tarehe ngumu anapaswa kuwa na njia ya pili kichwani: ya kupitia Songea na Tunduru, ambayo ni ndefu sana, au ya bahari kupitia Bandari ya Mtwara kwa mtambo unaotoka mbali. Nachingwea iliwahi kuwa na reli, iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, lakini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na tangu hapo kila kilicho kizito huko hupita barabarani.

Hatua ya pili: fahamu mtambo wenyewe

Uzito unaoandikwa kwenye matangazo ya biashara usitegemewe. Sahani ya mtengenezaji iliyopigwa riveti kwenye fremu ya mtambo hutaja uzito wa kufanyia kazi, na juu yake huongezwa vilivyofungwa baadaye: nyundo ya kuvunjia mawe badala ya ndoo, kinga ya kuzuia miti juu ya kebini ya buldoza, tangi lililojaa dizeli, na udongo uliokauka ndani ya cheni, ambao kwa mtambo uliotoka mbugani unaweza kufika mamia ya kilo. Udongo huo uondolewe kabla ya kupakia, kwa sababu ya uzito na kwa sababu ya utelezi.

Kwa makadirio ya awali, bekho ya kawaida huwa na uzito wa karibu tani 8; rola ya ngoma moja tani 10 hadi 12; greda la kati tani 15 hadi 19; eskaveta ya daraja la Komatsu PC200 au Caterpillar 320 tani 20 hadi 23; buldoza la daraja la D6 tani 20 na ushei; na D8 karibu tani 38 hadi 40. Vipimo vya umbo navyo viandikwe: eskaveta ya tani 20 ina upana wa kati ya mita 2.8 na 3.2 kutegemea upana wa viatu vya cheni, urefu wa karibu mita 9.5 mkono ukiwa umekunjwa, na kimo cha karibu mita 3. Kimo hicho ndicho kinachofanya tela la kawaida lisifae. Sakafu ya tela la kontena iko karibu mita 1.5 kutoka ardhini, na eskaveta ikiwa juu yake kilele kinafika mita 4.5 au zaidi, wakati juu ya tela la chini lenye sakafu ya sentimita 95 kilele hubaki karibu mita 4. Tofauti hiyo ya nusu mita ndiyo itakayoamua kama nyaya za vijijini zitapita salama.

Hatua ya tatu: fanya hesabu ya ekseli kabla ya kufika mizani

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizo pamoja na tani 24 kwa ekseli tatu zilizo pamoja, na uzito wa jumla usizidi tani 56 hata gari likiwa na ekseli nyingi. Kwa hiyo kichwa cha ekseli tatu kikivuta tela la ekseli tatu kina kikomo cha 8 na 18 na 24, yaani tani 50.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Kichwa kitupu kina tani 9, kati ya hizo 5 zikiwa mbele na 4 nyuma. Tela la chini la ekseli tatu lina tani 11, tani 3 zikiegemea kingipini (pini ya mbele ya tela inayojifunga kwenye sahani ya kichwa) na 8 zikiwa kwenye magurudumu yake. Eskaveta ina tani 22. Jumla ni tani 42, na mtu akiishia hapo atalala usingizi, kwa kuwa tani 8 nzima zimebaki kabla ya kikomo. Lakini mizani ya TANROADS, wakala wa barabara, haisomi jumla peke yake. Tuseme kutoka kingipini hadi katikati ya ekseli tatu za tela ni mita 10. Eskaveta ikiwekwa ili kiini cha uzito wake, ambacho kwa mtambo uliokunja mkono huwa karibu na katikati ya cheni, kiwe mita 4 mbele ya ekseli hizo, basi sehemu ya 4 kwa 10 ya uzito wake, yaani tani 8.8, huenda kwenye kingipini, na tani 13.2 hubaki nyuma. Ekseli za tela zinabeba 13.2 na 8, jumla tani 21.2, na ziko chini ya 24. Kingipini inabeba 11.8, na kwa kuwa sehemu kubwa yake hushuka kwenye ekseli za nyuma za kichwa, hizo zitasoma tani 15 hivi, na za mbele karibu 6. Gari linapita.

Sasa dereva aliyechoka aisimamishe eskaveta hiyo hiyo mita 2 nyuma zaidi kwa sababu ndoo inagusa shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayopanda juu ya kichwa. Kingipini inapata tani 4.4 tu kutoka kwa mtambo, na ekseli za tela zinapata 17.6 pamoja na 8 zake, jumla tani 25.6. Uzito wa jumla haujabadilika hata kilo moja, ila ekseli za tela zimezidi kikomo kwa zaidi ya tani moja na nusu. Faini hailipwi kwa sababu ya mtambo kuwa mzito. Inalipwa kwa sababu ya mita mbili. Ndiyo maana urefu wa sakafu ya tela unapaswa kuchaguliwa kwa namna itakayoacha nafasi ya kusogeza mtambo mbele na nyuma, na alama ya rangi ichorwe ubavuni mwa tela kuonyesha mahali kiini cha kila mtambo kinapotakiwa kukaa.

Kwa D8 hesabu ni fupi. Tani 38 za mtambo, 9 za kichwa na 13 za tela zito zaidi ni tani 60, na hiyo imeshapita 56. Kuongeza ekseli ya nne kwenye tela kutapunguza mgandamizo wa kila ekseli, lakini hakuondoi ulazima wa kibali, isipokuwa blade ya mbele na ripa (jino la nyuma la kuchimbulia) zivuliwe na kusafirishwa kwa gari jingine, jambo ambalo kwa buldoza kubwa hufanyika mara nyingi na halina aibu.

Hatua ya nne: chagua aina ya tela

Tela la chini lenye shingo isiyoachana na rampu za nyuma ndilo linaloonekana zaidi katika barabara zetu, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza kufikiriwa kwa kazi nyingi za Mtwara na Lindi. Sakafu yake iko kati ya sentimita 90 na mita 1.1, tumbo lake lina nafasi ya kutosha kupita mabonde ya barabara za vumbi, na halina mfumo mgumu wa kuharibika porini. Udhaifu wake ni kwamba mtambo hupanda kwa nyuma, juu ya magurudumu, kwa mwinuko ambao tutauzungumzia.

Tela la shingo inayoachana huwekwa sakafu chini kabisa ardhini, shingo na kichwa vikaondoka mbele, na mtambo ukaingia kwa mbele karibu bila kupanda. Sakafu yake ya sentimita 45 hadi 60 inafaa kwa mtambo mrefu wa kwenda juu, na kwa rola au mtambo mbovu unaovutwa kwa winchi hakuna tela lililo salama kuliko hilo. Lakini sakafu hiyo hiyo huacha nafasi ndogo sana kutoka ardhini, na shingo huhitaji eneo tambarare na gumu ili iachane na kuungana tena. Bandarini Mtwara, kwenye kiwanda cha saruji cha Msijute au kwenye yadi ya mtambo wa gesi wa Madimba eneo kama hilo lipo. Katika shamba jipya la Tandahimba halipo. Anayelichagua kwa ajili ya barabara za ndani ahakikishe kwamba haidroliki zake zinaweza kuinua sakafu wakati wa safari, na kwamba mtu wa kuzitengeneza yupo karibu.

Tela bapa la kawaida libaki kwa mitambo mifupi: rola ndogo, jenereta, kompresa, matrekta ya kilimo. Matela madogo ya ekseli mbili yanayovutwa kwa ndoano nyuma ya tipa yanafaa kwa bekho na trekta, kwa sharti kwamba mzigo uwekwe ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela iegemee ndoano. Uzito ukilalia nyuma, tela huanza kuyumba kwenye mwendo na dereva hawezi kulituliza. Matela ya ekseli nyingi zinazojigeuza, yale ya kubebea transfoma na mitungi ya viwanda vya gesi, ni kazi ya makampuni maalumu na hayahusu mwongozo huu.

Upana nao usisahaulike. Mtambo wa mita 3 juu ya sakafu ya mita 2.5 huacha sentimita 25 za cheni zikining'inia kila upande, zikiwa hazikukanyaga kitu. Tela lenye mabawa ya kuvuta pembeni na mbao za kujazia hutatua jambo hilo, ila mabawa yenyewe yakaguliwe, kwa kuwa vyuma vyake hupinda mapema.

Hatua ya tano: rampu

Sakafu ya mita 1 ikitumia rampu za mita 3, mwinuko unakuwa karibu nyuzi 19. Rampu za mita 4 hushusha mwinuko huo hadi nyuzi 14 na nusu. Namba hizo mbili zinaonekana kukaribiana kwenye karatasi, lakini kwa rola ya ngoma laini ni tofauti kati ya kupanda na kuteleza ubavu. Chuma juu ya chuma, hasa penye umande wa asubuhi au tope, hakina mshiko wa kutegemea. Rampu nzuri ina pau za chuma zilizochomelewa kwa kukingama au mbao ngumu zilizofungwa kwa bolti, na nafasi kati ya rampu mbili iweze kubadilishwa kulingana na mtambo. Kwa sakafu ya tela, mbao ngumu kama za mkongo hushika cheni vizuri kuliko bati tupu, na zikichakaa hubadilishwa moja moja.

Rampu zinazoinuliwa kwa mkono na utingo wawili ni nafuu, mpaka siku mmoja wao atakapovunjika kidole. Za springi ni bora, na za haidroliki ni bora zaidi kama kuna nidhamu ya kuzipaka grisi na kubadilisha mipira yake.

Hatua ya sita: kichwa cha kuvuta

Kichwa chenye ekseli mbili za kusukuma ndicho kinachofaa. Chenye ekseli moja ya kusukuma kitafute kazi ya lami. Jambo ambalo wanunuzi hulisahau ni kipenyo cha kingipini. Matela ya kawaida huwa na kingipini ya inchi 2, lakini matela mengi mazito huja na ya inchi 3.5, na sahani ya kufungia iliyotengenezwa kwa inchi 2 haiwezi kuipokea. Kimo cha sahani nacho kipimwe: kichwa chenye sahani iliyo juu mno huinua shingo na kulaza sakafu nyuma, na uzito ukahamia ekseli za mwisho, hata hesabu ya hatua ya tatu ikaharibika.

Hatua ya saba: kagua tela kwa mikono

Tela lililopakwa rangi mpya likaguliwe kwa umakini mara mbili. Mkaguzi alale chini, aanzie pale shingo inapokutana na sakafu, na apitishe kidole kwenye kona ya ndani ya maboriti makuu mawili. Hapo ndipo chuma huchoka kwanza. Ufa mdogo hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya kahawia inayotoka chini ya rangi, wakati mwingine ukiwa mfupi kuliko kidole. Rangi iliyovimba au kipande cha bati kilichochomelewa juu ya boriti bila sababu inayoonekana ni ishara kwamba mtu mwingine ameshauona ufa huo. Kisha aangalie mabano ya springi, aone kama majani ya springi yamesogea, na kama ekseli zote tatu ziko sambamba: umbali kutoka kingipini hadi ncha ya kulia na ya kushoto ya ekseli ya kwanza unapaswa kulingana, vinginevyo tela litatembea kwa ubavu na kula matairi.

Breki za upepo zijaribiwe kwenye kila gurudumu, na si kwa kuambiwa. Upepo ujazwe, breki ishikwe na kuachiwa, na mtu akiwa pembeni aone kila mkono wa breki ukisogea na kurudi. Kisha bomba la upepo la dharura lichomolewe: tela lazima lijifunge lenyewe. Tela ambalo breki za ekseli moja zimezibwa kwa bolti lisikodiwe kwa safari ya Newala kwa bei yoyote.

Kuhusu matairi, tela lenye rimu ndogo hushusha sakafu, lakini tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, hupata joto haraka na huzama zaidi kwenye mchanga. Rimu za inchi 22.5 ndizo zilizo kwenye malori mengi, na pancha ikitokea mbali na mji ni rahisi kuazima tairi kwa dereva mwenzako.

Hatua ya nane: minyororo

Kipimo kinachotumika Marekani kinafaa kuigwa: mtambo wa zaidi ya tani 4.5 ufungwe kwa sehemu nne au zaidi, na mnyororo unaotoka tela moja kwa moja hadi kwenye mtambo uhesabiwe kwa nusu ya uwezo wake, huku jumla ikifika nusu ya uzito wa mzigo. Kwa lugha nyepesi, ukijumlisha uwezo uliogongwa kwenye minyororo ya aina hiyo, jumla isipungue uzito wa mtambo. Eskaveta ya tani 22 hutaka minyororo minne ya tani 5.5 kila mmoja, au sita ya tani 4. Mkono na ndoo vifungwe kwa mnyororo wa peke yake. Mnyororo usio na alama ya uwezo, au uliounganishwa kwa bolti, uachwe kwa kazi ya kuvutia magogo. Kamba za nailoni hazifungi mtambo wa cheni, kwa kuwa hukatwa na kingo za chuma.

Hatua ya tisa: kibali na mkataba

Mzigo unaozidi uzito au vipimo vya sheria hauondoki bila kibali cha mzigo usio wa kawaida, na maombi yake huanzia TANROADS. Yaandikwe yakiwa na vipimo halisi, namba za kichwa na za tela, na njia yote, kwa sababu kibali hutolewa kwa njia iliyotajwa. Masharti kama gari la kusindikiza, bendera nyekundu na kusafiri mchana yafuatwe kama yalivyoandikwa. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima za kichwa na za tela zikaguliwe kwa pamoja. Bima ya gari haimaanishi kwamba mtambo uliopakiwa umekatiwa bima.

Kwa anayekodi, mkataba utaje nani atalipa gari likikwama, siku za kusubiri zitahesabiwaje barabara ikikatika, na faini ya mizani itamwangukia nani. Kwa kuwa dereva ndiye anayepanga mtambo juu ya tela, ni haki faini ya ekseli iwe ya mwenye tela, mradi mwenye mtambo alitaja uzito wa kweli.

Hatua ya kumi: kupakia na kushusha

Tela lisimame mahali tambarare, likiwa limeungwa na kichwa, na magogo mazito yawekwe chini ya mkia wake. Mtambo unapopanda nyuma, mkia hushuka na shingo huinuka, magurudumu ya kichwa yakapoteza uzito na gari zima likaweza kuteleza. Magogo ndiyo yanayozuia hilo, na kwenye mchanga yalazwe juu ya mbao pana. Mwelekezi awe mmoja tu, asimame mahali opereta anapomwona, na hakuna mtu mwingine anayekaa karibu na rampu.

Eskaveta ipande kwa gia ya chini, mkono ukiwa mbele na ndoo ikiwa karibu na sakafu, bila kukata kona wala kuzungusha kebini ikiwa juu ya rampu. Inapofika ukingo wa juu, pale inapotaka kuanguka mbele, opereta aende polepole na aishushe ndoo iguse sakafu ili kupokea kishindo. Baada ya hapo pini ya kuzuia mzunguko ifungwe, ndoo ilale juu ya ubao, breki ishikwe, na mdomo wa bomba la moshi ufunikwe, kwa sababu upepo wa safari unaweza kuizungusha turbo wakati injini imezimwa na oili haizunguki. Greda na rola zifungwe pini ya kiungo cha katikati kabla minyororo haijakazwa.

Baada ya kilomita 50 za kwanza gari lisimame, minyororo ikazwe upya na nati za magurudumu zijaribiwe kwa spana. Kwenye miteremko, kama ule wa kuingia Mikindani ukitokea Lindi, gia ishushwe kabla ya kuanza kuteremka, si katikati.

Ikitokea mvua imetangulia na kipande cha mwisho hakipitiki, mtambo wa cheni ushushwe kwenye ardhi ngumu ya karibu na utembee wenyewe kilomita zilizobaki kwa mwendo wa taratibu, mtu mmoja akitangulia mbele yake. Mahali unapolazimika kuvuka lami, zilazwe tairi kuukuu chini ya cheni, zikihamishwa kutoka nyuma kwenda mbele kadiri mtambo unavyosogea, na jozi mbili za ziada zikae juu ya tela tangu mwanzo wa safari.